Masharubu ya Gundi

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, tena wa zamani: mapacha wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, mmoja anaiba mkufu, mwingine anakimbizwa. Jukwaani watu waliucheka mpaka machozi. Sasa mwongozaji alikuwa anaugeuza filamu, na mwigizaji maarufu, Staa, ndiye aliyecheza mapacha wote wawili. Mahali pa kukimbia, aliyevalishwa nguo kama za Staa ni Kitinda, mdogo wa mpambaji wa waigizaji, kwa kuwa miguu ya Staa ilikuwa na bei. Masharubu ya Staa yalikuwa yake mwenyewe, ya kuota. Ya Kitinda, dada yake aliyabandika kwa gundi kila asubuhi.

Siku ya kukimbizwa, mwongozaji alificha kamera ghorofani, ng'ambo ya soko, ili watu washtuke kwelikweli. Pale sokoni hakuambiwa mtu hata mmoja. Ujinga mwingine, jamani, una digrii!

"Dada, naogopa," Kitinda alisema.

"Wewe kimbia tu. Ukifika kwenye kona, ingia garini. Staa yumo humo."

Mwigizaji wa kike akapiga ukelele: "Mwizi! Yule mwenye masharubu!" Kitinda akachomoka. Kwenye kona hakufika. Muuza viatu alimpiga ngwala, na kufumba na kufumbua watu walikuwa wamemzingira, mmoja kashika tofali.

"Ni filamu! Jamani, ni filamu!"

"Hakuna mwizi asiye na hadithi," mtu akajibu.

Kwenye redio ya mkononi ya mpambaji, mwongozaji alikuwa anashangilia: "Safi sana! Hofu kama hiyo hainunuliki!"

Mpambaji alitupa brashi akakimbia. Mdogo wake huyo alimlea kwa mikono yake mwenyewe, tangu mama yao afariki. Akapenya katikati ya watu, akayang'oa masharubu kwa mkupuo mmoja, na ngozi kidogo.

"Tazameni! Hana masharubu! Si yeye!"

Tofali likashuka. Watu wakaguna, wakatazamana. Mpambaji akamkumbatia mdogo wake, akimshukuru Mungu.

"Basi mwenye masharubu yuko wapi?" muuza viatu akauliza.

Kwenye kona, mlango wa gari ulikuwa umefunguka. Staa alishuka kuja kusaidia, shati lilelile, suruali ileile, mikono juu.

"Jamani, tulieni kidogo..."

"Yule pale!"

Mpambaji alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Akawafuata mbio, vidole bado vinanata gundi, akijua kuwa masharubu ya yule hayang'oki.