Pini ya Tatu

Fundi alisema diski zimekufa, zote mbili, na alisema hivyo huku akinywa chai yangu.

"Zote mbili kwa mpigo?" nikamuuliza. "Kwani zilikula kiapo?"

Fundi huyu tulimwita Usijali, maana hilo ndilo neno lake kwa kila jambo. Alhamisi pawa saplai, kisanduku kinachoipa umeme seva yetu ya nyumbani, ile kompyuta ya kuhifadhia video, ilitoa moshi. Akaja, akafunga mpya, akasema usijali. Jumamosi asubuhi seva iliwaka vizuri, taa zikapepesa, lakini kwenye skrini, mahali pa diski, paliandikwa: hakuna. Tukamwita tena. Akabadilisha nyaya za data, akahamisha diski kutoka soketi hii kwenda ile, akazima na kuwasha mpaka nikachoka kuhesabu. Hakuna.

"Umeme umezipiga, mwalimu," akasema. "Nunueni mpya." Akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Mimi nafundisha watoto viziwi. Kwa miaka sita nimewarekodi wanafunzi wangu wakionyesha ishara, hata zile walizobuni wenyewe bwenini, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Video elfu moja mia moja na arobaini. Ni kamusi nzima. Saa nane mchana siku ileile wazazi walikuwa wanakuja shuleni kuiona kwa mara ya kwanza, na kila mmoja aondoke nayo kwenye simu yake. Wengi wao hawajui hata kumwuliza mtoto wao kama ameshiba. Na wale niliowarekodi mwanzoni wameshamaliza shule, wametawanyika, siwezi kuwakusanya tena. Nakala? Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye diski ya pili, ndani ya seva ileile. Msiniseme, nimeshajisema mwenyewe vya kutosha.

"Pole, mama," mume wangu akasema. "Tuwaambie wazazi tumeahirisha."

"Thubutu!"

Akaiacha hoja hiyo. Miaka kumi na tisa ya ndoa imemfundisha wakati wa kuacha ubishi.

Nikakaa sakafuni, nikaweka kiganja juu ya diski. Wanafunzi wangu husikiliza hivyo. Ngoma ikipigwa wao hushika meza, nami nimeambukizwa. Seva ilikuwa imewashwa, feni inavuma, lakini diski ilitulia tuli. Haikutetemeka hata kidogo. Hapo nikashtuka. Kifaa kilichopigwa na umeme sikijui vizuri, lakini hiki kilikuwa kimelala tu, kama mwanafunzi anayejifanya hajaona kengele yetu ya taa ikimulika.

"Yale makasha ulimozitoa diski yako wapi?" nikamuuliza mume wangu. Diski zile zilinunuliwa zikiwa ndani ya makasha ya plastiki, za kuchomeka kwa USB, naye aliyapasua ili azitie kwenye seva. Hatupi kitu yule bwana. Akaleta kasha moja kutoka juu ya kabati, tukapachika diski, tukachomeka umeme wa kasha lenyewe.

Kiganja changu kikahisi mtetemo.

"Inazunguka!" nikapiga kelele. "Ni nzima! Shika hapa, shika!"

Nikaiunganisha na kompyuta yangu ndogo, nayo ikataka kuifomati, yaani kuifuta yote, palepale, kwa kuwa seva huandika kwa mtindo wake ambao kompyuta hiyo haiusomi. Nikaichomoa haraka kabla haijaniua. Lakini sasa nilijua: diski haina kosa. Kosa liko kwenye umeme mpya.

Mume wangu akafukua pipa la taka akatoa kiunganishi cha zamani cha umeme wa diski, alichokitupa fundi, kimeyeyuka upande mmoja. Tukakilaza karibu na kipya. Cha zamani kilikuwa na nyaya nne. Kipya, tano. Waya uliozidi ulikuwa wa rangi ya machungwa.

Akaingia mtandaoni, akatafuta, akaanza kusoma kwa sauti, na sauti ikazidi kupanda. Kumbe diski za namna ile zikipata umeme kwenye pini ya tatu, kijino cha shaba kinacholishwa na ule waya wa tano, hudhani zimeamriwa zizime. Dawa yake ni kuifunika pini hiyo moja.

"Kwa hiyo hazijafa," nikasema. "Zinatii amri!"

Tukakata utepe wa gundi wa kuifunikia. Ukawa mpana. Tukakata tena, ukajikunja, ukakwama kwenye kidole cha mume wangu. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilitaka kulia, na nilikuwa karibu kumsingizia yeye.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa kwenye kochi muda wote akitutazama. Kazi yake ni kupamba kucha.

"Leteni hapa," akasema. "Kutwa nachora maua kwenye kidole cha mwisho, kitu hicho kinishinde?"

Akachovya kijiti cha meno kwenye rangi ya kucha, nyekundu ili ionekane, akahesabu kuanzia upande wa soketi ya data: moja, mbili, tatu. Tone moja. Akapuliza. Akafanya na ya pili. Akatuzuia kugusa mpaka ikauke, na alituchapa mikono kweli.

Tukarudisha diski, tukawasha. Kiganja kikahisi mtetemo tena. Skrini ikaandika: diski mbili, nzima. Nikaruka, nikamkumbatia wifi mpaka akalalamika mbavu.

Simu ikalia. Usijali. "Vipi mwalimu, mmepata mpya?"

"Wifi kazitengeneza."

"Wifi? Mwalimu, diski na wifi wapi na wapi?"

"Nipe simu," wifi akasema, akaichukua. "Fundi, hujambo? Wifi hapa."

Saa nane ukumbi ulijaa. Nikawafundisha ishara kumi za mwanzo, video baada ya video. Mstari wa nyuma alikaa seremala mmoja na binti yake wa miaka minane, mtu mpole ambaye kila muhula alikuwa akinikabidhi mtoto bila kumwambia lolote. Ilipofika ishara ya njaa aliirudia mara tatu kwa mikono yake mizito, kisha akamgeukia binti na kumuuliza: una njaa?

Mtoto alimkodolea macho. Halafu mikono yake ikaenda mbio.

"Mwalimu," baba akaniita. "Anasema nini?"

"Anasema, 'Kumbe baba unajua kuongea!'"