Kivuli cha Kiti

Kwetu Wajaluo mtu hajiiti kitu chochote tu, na nilimwambia Orwa hivyo mapema. Lakini Orwa ni kaka yangu mkubwa, na tangu lini mkubwa akanisikiliza mimi Sharon, mdogo wake?

Tulikuwa tunafanya kazi kambi moja ya watalii ng'ambo ya Ringwani, mimi natandika vitanda, yeye anahudumia mezani. Meneja, mzungu mwenye sauti ya upole, alikuwa na sheria yake: mgeni akipita, mfanyakazi mweusi ageukie ukutani. Eti tunaharibu picha. Wale vijana wa kizungu waliokuja kujitolea hawakugeuka, wao walipunga mikono. Haki ya Mungu, iliniuma.

Jumamosi moja mchana meneja alitaka burudani, Orwa akaleta nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane. Kwenye nyatiti kuna pakruok: unasimamisha muziki, unataja jina lako, unajiita kitu, au unamwita mwenzako, labda dume la ng'ombe au radi, na wote waliopo wanakuchukua hivyo. Orwa alinyamazisha nyuzi akasema kwa Kijaluo, "Mimi Orwa, mtoto wa Zilpa, ni kivuli cha kiti. Mnanikalia, hamnioni."

Mniko, mpishi wetu Mkurya anayekijua Kijaluo, alifuta machozi. Wageni hawakuelewa hata neno, wakapiga makofi.

"Umesema kweli," nilimwambia baadaye, "lakini umejiita kitu kisicho na damu. Kesho ujiite kingine!"

"Ni shairi tu, acha woga wako," akacheka.

Jumatatu mgeni mmoja alitundika koti lake begani kwa Orwa, akaenda zake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jumanne Orwa aliinama kuokota uma, mama mmoja wa kizungu akamkalia mgongoni na kuagiza kahawa. Hapo hakuna aliyecheka. Alhamisi Mniko aliniuliza mbona siku hizi Orwa haji kazini, na Orwa alikuwa amesimama mbele yake, ameshika trei.

Ijumaa tukaomba ruhusa, nikampeleka nyumbani Morotonga. Mama alinikumbatia, akafunga mlango Orwa akiwa bado nje, akapakua ugali sahani moja.

"Mama, na Orwa je?"

"Orwa gani?"

Jamani! Nilifungua mlango nikamkuta amekaa chini, amesikia kila kitu. Nilimwangalia, lakini hata mimi macho yalianza kuteleza, yanamvuka, yanaangukia migomba iliyokuwa nyuma yake.

Jumamosi mchana tulikuwa tumerudi kambini. Orwa alipiga nyatiti, na wageni wakawa wanageuza shingo huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi. Nilijua nikichelewa siku moja tu, na mimi nitauliza Orwa gani. Basi nikatupa mashuka, nikapita katikati ya meza zao, nikaweka mkono kwenye nyuzi. Kazi nilijua imeisha, potelea mbali. Shida ilikuwa moja: nimwite nani? Simba? Wazungu wanapenda simba, wangempiga picha tu.

"Mimi Sharon, binti Zilpa!" nilipaza sauti, kwa Kiswahili ili meneja asikie vizuri. "Na huyu Orwa, ndugu yangu, ni jino bovu mdomoni mwa meneja. Litatukanwa, lakini halitasahaulika!"

Meneja alishika shavu. Uso ulimwiva. Akageuka polepole, akitafuta, mpaka macho yake yakatua kwa kaka yangu, na ule upole wa sauti ukaisha.

"Wewe nyani! Nani amekuruhusu kukaa mbele ya wageni?"

Wageni wote wakamwona. Mniko akatoka jikoni anapiga kelele, "Orwa! Ulikuwa wapi?" Mimi nilikuwa nimekunja ngumi, nasubiri kaka yangu ajibu hilo tusi, maana Orwa ninayemjua hatukanwi akanyamaza.

Orwa aliweka nyatiti chini. Machozi yalimtiririka, na alikuwa anacheka. Alimwendea yule mzungu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Asante, bosi," alisema. "Asante sana."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani asingeonekana.