Dokta Aliyeuliza Ndoto

Kila asubuhi Dokta Népomuscène aliingia na wanafunzi wake nyuma, akasimama miguuni mwa kitanda, akauliza swali lile lile: "Uliota?" Si homa, si choo, si chakula kimeshukaje. Uliota. Mimi nimeshawaona madaktari wengi, lakini huyo ndiye wa kwanza kuuliza habari za mtu alipokuwa usingizini.

Sababu alikuwa ametueleza. Hospitali ile ilikuwa ya kufundishia madaktari, na Dokta alikuwa na utafiti wake. Kidonge kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mtama, anakijaribu kwa wagonjwa wa namna mbalimbali: wenye kifafa, wenye kuumwa kichwa kisichopoa, wazee wa sukari ambao nyayo zinawawaka moto. Siku ya kutia sahihi alitukalisha wote, wagonjwa na sisi warwaza, ndivyo tunavyoitwa tunaokaa na wagonjwa. Akatuambia kwa Kiswahili chake cha Mutanga Sud, mtaa wa wasomi, nusu yake Kifaransa, kwamba kidonge hiki kina tabia ya kuleta ndoto. Ndoto chache si kitu. Zikiwa nyingi na wazi mno, ni alama kwamba dawa imezidi mwilini, na ikizidi zaidi moyo unachoka, unaweza hata kusimama.

"Kwa hiyo mukiota, muniambie," alisema. "Mi siwezi kuingia mu vichwa vyenu."

Tukaitikia wote. Kuitikia kuna kazi gani?

Kitanda cha mlangoni alilala Muzee Jovithe wa Gihosha, mgonjwa wa sukari, na huyo ndoto alizitangaza kama habari za redio. Ameota ng'ombe wanapanda ngazi za kanisa. Ameota marehemu mkewe anauza ndizi katikati ya ziwa, amekaa juu ya maji, wala kitenge hakilowi. Binti yake Consolée alikuwa anajifunika uso kwa aibu, wanafunzi wanaandika, Dokta anakipunguza kidonge kinakuwa nusu, na mzee anaendelea na maisha yake.

Sasa aje kwetu sisi watu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu. Ilias, fundi cherehani: "Apana, Dokta, alhamdulillah." Tajudini, muuza vitambaa: "Apana." Bwanangu Chabani, fundi magari: "Apana kabisa." Ikawa hivyo kila siku, mpaka Dokta akawaambia wanafunzi wake kwa Kifaransa, akidhani hatukijui, kwamba inaonekana Waislamu hawaoti, pengine kwa sababu ya kuamka alfajiri, na jambo hilo linafaa kuchunguzwa. Nilikuwa nimekaa pale na ndoo yangu. Niliuma pembe ya kitenge nisicheke.

Maana watu wetu ndoto hawazisemi. Tulifundishwa tangu madrasa: ndoto mbaya humwambii mtu, unatema kushoto, unageukia ubavu wa pili, unanyamaza, na haikudhuru. Ndoto njema unamwambia yule tu anayekupenda. Dokta, pamoja na wema wake wote, tulimjua tangu lini? Tena anauliza mbele ya halaiki. Na katika vita ile ya wenyewe kwa wenyewe, nani angekaa kati ya vitanda vya watu asiowajua aseme jana nimemuona fulani, marehemu? Watakuuliza nani alimuua.

Sisi vita ilikuwa imetuchukulia mtoto. Sumaya, wa darasa la tano, alipanda basi kwenda Musaga kumpelekea shangazi yake unga, asubuhi shwari kabisa, na kabla ya adhuhuri mji ukafungwa. Basi halikufika, na hakuna aliyeweza kutuambia liliishia wapi. Baba yake alitoka kumtafuta kwenye barabara ile, akarudishwa amebebwa, amepigwa kitako cha bunduki kichwani. Kifafa kilianzia hapo, na fundi mwenye kifafa hawezi kulala chini ya gari la mtu. Nasi tukaendelea kuitana Baba Sumaya, Mama Sumaya. Hatukuwa na jina jingine la kuitana, kwa hiyo kila tulipoombana maji ya kunywa tulimtaja.

Kidonge kilimfaa, siwezi kukataa. Kifafa kilinyamaza. Mimi nilishaanza kutuona tumerudi nyumbani.

Lakini ile wodi mchana haikuwa ya dunia hii. Baada ya chakula jua lilipita kwenye mapazia ya bluu, vyandarua vikawa vinapumua kwa upepo wa ziwani, na wanaume wote wale wakazama pamoja. Mimi nilijilaza kwenye mkeka chini ya kitanda, na juu yangu nilisikia watu wanasafiri. Miguu inasogea kwenye shuka, midomo inanong'ona, mmoja anacheka, mwingine anamuomba mtu radhi. Bunduki ikilia huko milimani hakuna aliyeshtuka. Mlio uliingia ndotoni mwao ukawa kitu kingine, mlango unaofungwa labda, au gunia linaloshushwa. Nilikuwa macho, ila mara nyingine sikuwa na hakika.

Ndipo siku moja nikamsikia Baba Sumaya akisema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya yote: "Shuka polepole, mama. Shika mukono."

Nikatoka chini ya kitanda. Alikuwa amelala, anatabasamu, mkono ameunyoosha nje ya chandarua na vidole vimekunjwa kidogo, kama vinavyokunjwa mtu akimshika mtoto. Nilipiga magoti nikaingiza kidole changu ndani ya kile kiganja. Akakiachia.

Alipoamka nikamuuliza alikuwa na nani.

"Na nani tena? Nililala."

"Umesema shuka polepole."

"Mama Sumaya, we masikio yako yanasikia hata visivyosemwa." Akageukia ukuta.

Niliumia, mnisikie vizuri. Ndoto njema anaambiwa anayekupenda. Mimi niliyemuosha, niliyemshika kichwa kifafa kikimtupa, niliyelala sakafuni kwa ajili yake, mimi si wa kuambiwa? Niliona wivu, wivu wa mtoto wangu mwenyewe. Yeye anamuona kila mchana, mimi napewa mgongo. Mwishowe nilikichukua kidonge chake kimoja nikakimeza mimi, nikajilaza na udhu wangu, nimenuia nimuone Sumaya. Niliota ninaosha masufuria. Meusi, hayaishi, kila nikiinua moja kuna jingine chini yake. Niliamka mikono inaniuma.

Ijumaa ile Dokta akatangaza kwamba Jumatatu wale wasioota wataongezewa, kidonge na nusu, kwa kuwa wanakivumilia vizuri. Akamshika bwanangu bega. "Papa Chabani, we ndiyo mugonjwa wangu muzuri kuliko wote." Baba Sumaya akashukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Jumamosi Ilias akaanguka. Alikuwa anakunywa uji, akalala upande na kikombe mkononi, na moyo wake ukawa unapiga kwa kusitasita. Dokta hakuwepo, barabara ya kwao ilikuwa imefungwa na askari. Waliokuwa zamu wakambeba wakampeleka chumba cha mahututi. Nduguye Yahaya, aliyekuwa akimuuguza, alibaki ukumbini ameshika mto wa kitanda chake, akaniambia mimi, si madaktari: "Dada Asiya, alikuwa anaota sana. Kila akifumba macho. Alinikataza kusema." Ilias alipona baadaye, lakini siku ile hatukujua.

Nikamtoa bwanangu nje, mahali tunapoanika shuka. Zilikuwa nyingi, nyeupe, zinapanda na kushuka, na tukiwa katikati yake hatukuona hospitali wala mji.

"Baba Sumaya, unaota."

Akashika pindo la shuka, akalinyoosha.

"Ilias umemuona. Jumatatu na wewe wanakuongeza. Mwambie Dokta."

"Nikimwambia atapunguza."

"Si ndiyo vizuri? Apunguze."

"Na mutoto?"

Shuka moja ikaja ikamfunika uso, ikaondoka. Alikuwa analia taratibu, bila kujificha.

"Amekua," akasema. "Amekuwa murefu." Kisha akaweka mkono mdomoni. "Usiniulize zaidi. Nikizisema hatakuja tena."

"Hata mimi?"

"We zaidi ya wote. We utapiga kelele, utataka kwenda kumuchukua. Nakujua."

"Utakufa, Chabani." Sikuwa nimemwita hivyo tangu tuoane.

"Basi," alisema, kwa utulivu, kana kwamba nimemwambia maharage hayajaiva. "Lakini ukimwambia Dokta, ujue umemupoteza mara ya pili. Hii mara ni wewe." Akaingia ndani akaniacha na shuka.

Nitasema lililokuwa moyoni. Jumapili nzima nilitaka kunyamaza. Nilijiambia, walau mmoja wetu anaye. Nilimtazama akilala mchana ule, uso wake laini, umri umemtoka, nikawaza ni ukatili gani kumwamsha mtu pale. Halafu nikawaza tena: nikinyamaza watakuwa wawili huko, na mimi huku, na hilo jina lao wote wawili mdomoni mwangu, bila wa kuniitikia. Hapo hasira zikanijia, na hasira zangu zimeshanisaidia mara nyingi kuliko akili. Vita imeshachukua mtoto. Mume siipi.

Jumatatu Dokta akaja, wanafunzi nyuma.

"Papa Chabani, uliota?"

"Apana."

"Ameota," nikasema.

Wodi nzima ikanigeukia. Baba Sumaya hakunitazama.

"Anaota kila akilala, mchana kweupe, anashika mtu mkono. Ilias naye alikuwa anaota mpaka akaanguka. Tajudini yule anaomba radhi kila siku, sijui kwa nani. Sisi tunaota, Dokta. Hatukuambii tu."

Akasahau Kiswahili. "Mais pourquoi?"

"Kwa sababu unauliza kama karani wa zoni anayeandikisha watu. Hayo mambo hayaulizwi na watu kumi wamesimama. Ndoto mbaya kwetu haisemwi, na njema haisemwi kwa yeyote tu. Ungeniuliza mimi pembeni ningekwambia tangu zamani." Hapo nilisema uongo, lakini alistahili.

Dokta alikaa kwenye kitanda cha Tajudini bila kuomba ruhusa. Alikuwa kijana mdogo kumbe, lile koti lilikuwa linatufichia. Akawaambia wanafunzi watoke. Akatuomba radhi sisi, kisha akauliza Ilias anaendeleaje, akakimbia kwenda kumwona. Kuanzia siku ile alikuja peke yake, akawasalimu wagonjwa "mumelala salama?" tu, na sisi warwaza akatufuata nje penye shuka, mmoja mmoja, tukamwambia tuliyoyasikia. Waliohitaji kupunguziwa wakapunguziwa. Bwanangu alipewa nusu, kisha robo.

Na bwanangu hakunisemesha. Chakula alikula, maji alipokea, lakini jina hakuniita. Kifafa kilirudi mara moja tu, si kikali, nikamshika kichwa mpaka kikapita. Alipofumbua macho alinitazama kama anayemtazama mtu aliyefunga mlango. Nilijibu kwa kugombana na masufuria. Wenzangu kwenye jiko la warwaza walinikimbia siku zile, Consolée akaniuliza ni jiko lipi lililonikosea.

Mchana mmoja nilikuja kuchukua sahani nikamkuta amekaa, yuko macho, wakati wengine wamelala. Vyandarua vilikuwa vinapumua vile vile. Akasogea kidogo, akaacha nafasi kitandani.

"Mama Sumaya," akasema.

Nikakaa.

"Alikuja jana. Nazani ni mara ya mwisho. Alisimama mbali, uso sikuuona vizuri. Aliniuliza mbona siji tena."

"Ukamujibu nini?"

"Nikamwambia mama yako amenikatalia."

Nilikuwa nimemshika nguo, sijui tangu saa ngapi.

"Alicheka," akasema Baba Sumaya. "Alicheka sana, Mama Sumaya, mpaka akakaa chini. Akasema: kumbe mama bado ni yule yule."

Nililia pale kwa sauti, wagonjwa wakaamka, na sikumwomba mtu yeyote radhi. Halafu nikajifuta na kitenge nikamwambia aanze mwanzo: alivaa nini, nywele alisukwa na nani, huo urefu umefika wapi. Akanionyesha kwa mkono, hapa, chini ya bega lake. Akanieleza zote, moja baada ya nyingine, tangu ile ya kwanza, na huko jikoni maharage yangu yakaungua mpaka moshi ukaingia wodini, watu wakaniita kwa jina, na mimi sikuinuka.