Kifa Alichokifunga Rulon

Verla alikuwa ameomba kibali kile cha kuwinda miaka tisa. Kila mwaka bahati nasibu ilimpita kama mvua inayonyesha shamba la jirani, hadi mwaka wa kumi, mwezi Julai, barua ikaja: elki dume mmoja, yule kulungu mkubwa wa milimani, kwa gobore tu, katika milima ya mashariki ya Idaho, wiki mbili za mwisho wa Novemba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mpishi wa shule. Aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, akairudia, kisha akampigia simu mtu mmoja tu, mdogo wake Rulon.

"Mwongo wewe!" Rulon alipiga kelele. "Dada, wewe na bahati mmekutana wapi?"

"Njia panda. Miaka yote tulikuwa tunapishana."

Rulon alikuwa fundi wa bunduki, na gereji yake ndiyo iliyokuwa hospitali ya kila gobore la bonde lile. Lakini gobore la baba yao hakulirithi yeye. Mzee alimwachia Verla, kwa kuwa Verla ndiye aliyekuwa akipanda naye mlimani. Rulon alilipokea jambo hilo kwa mzaha, na mzaha wenyewe ulidumu miaka kumi na minne. "Mpishi ana bunduki, fundi ana spana," alikuwa akisema mbele za watu, na Verla alikuwa akicheka kuliko wote. Hakuwahi kujiuliza ni mzaha gani huo usiochakaa.

Tangu Agosti alipanda kila Jumamosi na darubini, hadi akamwona dume wake. Mnyama alikuwa na kimo cha farasi na pembe za matawi saba kila upande, na kila kukipambazuka alishuka kunywa kwenye kijito chini ya misonobari. Siri kama hiyo haisemwi kanisani wala dukani. Verla alimwambia mdogo wake.

Oktoba akampelekea gobore alikague. Rulon aliwasha taa ya meza, akainua nyundo ya bunduki na kukitazama kifa, kile kichuchu cha chuma kinachovishwa fataki, kijikombe kinacholipuka nyundo ikigonga na kuwasha baruti.

"Hiki kimeliwa, dada. Mdomo umepanuka. Moto hautaingia sawasawa kwenye baruti."

"Basi nifungie cha fataki kubwa, zile zenye ukingo kama kofia. Novemba vidole vinaganda. Hizi ndogo zitanidondoka kwenye theluji."

"Ndiyo nilivyotaka mimi pia. Lakini fataki kubwa hakuna. Nimezitafuta hadi nimechoka. Hata ukienda na machozi hupati."

"Hata kopo moja?"

"Hata harufu. Nitakufungia kifa kipya cha namba kumi na moja, cha fataki ndogo, na fataki zake hizi hapa. Niamini, hii ndiyo kazi yangu."

Verla akamwamini. Walitoka uani kujaribu, bila baruti wala risasi, mdomo wa mtutu ukielekezwa kwenye nyasi. Fataki ya kwanza ililia ta! na nyasi zikatikisika. Ndiyo alama kwamba njia ya moto ni wazi. Ya pili vilevile. Ya tatu nyundo iligonga, kimya. Rulon akaivuta nyundo tena, ikagonga, ndipo ikalia.

"Mbona hii imetaka kubembelezwa?" Verla aliuliza.

"Mafuta tu ya kifa kipya. Kifute na pombe kali, utasahau."

Alikifuta. Akakifuta tena siku ya kuamkia msimu, akashindilia baruti na risasi kwa mdeki wa baba yake, akaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko.

Kulipopambazuka alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya gogo, theluji ikimwingia kolani. Dume alishuka kwa wakati wake. Alisimama ubavu, hatua sabini, mvuke ukimtoka puani. Verla akavisha fataki, akaikandamiza kwa kidole gumba, akavuta nyundo taratibu, akalenga nyuma ya bega. Akakaza kidole.

Ka.

Hakuna moto. Baba yake alimfundisha kwamba nyundo ikigonga na bunduki isilie, usiisogeze hata kidogo, kwani moto unaweza kuwa unatambaa ndani. Kwa hiyo alibaki ameinamisha shavu kwenye kitako, akihesabu pole pole, huku akimtazama dume akiinua kichwa, akigeuka, akikwea ukingo wa kilima bila haraka, kama bwana aliyeitwa nyumbani.

Kabla hajamaliza kuhesabu, mlio mmoja ulipasuka upande wa pili wa ukingo.

Alipofika juu, moshi mweupe ulikuwa bado unaelea. Dume alikuwa chini. Kando yake alipiga magoti mtu mwenye kisu, na Verla alimtambua kwa mgongo kabla hajageuka.

"Rulon?"

"Dada." Alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa bado na damu.

"Una kibali?"

"Ninacho."

"Tangu lini?"

"Julai. Barua yangu ilikuja siku moja kabla ya yako."

Gobore la Rulon lilikuwa limeegemezwa kwenye mti. Juu ya kifa chake palikuwa na fataki iliyopasuka, kubwa, yenye ukingo kama kofia. Mkoba wake ulikuwa wazi. Verla aliinama, akatoa kopo, akalitikisa. Lilikuwa limejaa.

"Ulisema hakuna hata harufu."

Rulon alikodolea macho theluji. "Baba alikupa bunduki. Nilitaka angalau dume awe wangu."

Elki akishaanguka, nyama haingoji ugomvi wa watu, hivyo Verla alishika miguu ya mnyama, akaivuta kando kama walivyofundishwa wote wawili, na Rulon akapasua. Walifanya kazi karibu saa nzima. Kisha Verla akafuta mikono kwa theluji, akachukua gobore lake na kushuka. Hakubeba hata mfupa.

Jumatatu aliendesha pikapu hadi mji wa jirani, kwenye duka la mzee Ostergaard, ambaye hakuwa amemjua kabla. Mzee alikifungua kifa, akakipima na kile kipimo chake cha chuma, akapima na mbili tatu za zile fataki ndogo alizompa Rulon.

"Mama, kifa hiki ni kinene kwa fataki hizi. Haziketi hadi chini. Mara nyingine nyundo ya kwanza inazisukuma tu, ya pili ndiyo inayolipua. Aliyekufungia ni mwanafunzi?"

"Hapana. Ni fundi wa miaka thelathini."

Mzee akamtazama, akakiweka kifa mezani.

"Fataki kubwa unazo?" Verla aliuliza.

"Tele. Tangu Septemba zimejaa rafuni."

Alichagua mwenyewe kifa cha fataki kubwa. Alivisha kumi, moja baada ya nyingine, akihakikisha kila moja inakaa bila kucheza wala kung'ang'ania, akazilipua zote kumi nyuma ya duka. Zote zililia kwa pigo la kwanza. Alipanda mlimani siku zilizobaki isipokuwa Jumapili. Hakuona dume mwingine, na msimu ukafungwa.

Wiki iliyofuata Rulon alibisha hodi mlangoni kwake akiwa na sanduku la nyama.

"Paja zima, dada. Yaishe basi. Ni mnyama tu."

"Ni mnyama tu, kweli. Lakini mtutu ulikuwa na baruti na nyundo imeshagonga, na mimi shavu langu liko juu ya kitako, sijui kama moto unakuja au hauji. Siku unafunga kile kifa, uliufikiria uso wangu?"

Sanduku lilikuwa zito, Rulon akalihamisha mkono.

"Sikufikiria mbali hivyo," alisema mwishowe.

"Najua," Verla akasema, akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Pembe zilitundikwa gerejini, juu ya meza ya kazi. Bonde zima lilikwenda kuzitazama, na kanisani watu walimwuliza Verla kama ameziona pembe za mdogo wake mwenye shabaha.

"Nilizijua kabla yake," alikuwa akijibu, na kwenda kukaa benchi la upande mwingine.