Mkono wa Mheshimiwa

Saa nne na dakika tano asubuhi, karani wa mikataba alikuwa akitoa pini kwenye barua za wiki iliyopita, mkono wa kulia wa Waziri ulipoanza kusaini. Ulisaini kitambaa cha meza, ukasaini kisahani cha chai, ukahamia kwenye tai ya dereva aliyeleta magazeti. Waziri mwenyewe alikuwa anaongea na simu, wala hakukatisha maneno.

"Jirani zetu wamesaini ule mkataba wa mito," karani alisema. Mkataba huo, wa kutomwaga rangi na sumu za viwandani mitoni, ulikuwa umelala kabatini mwake miaka saba. "Ngoja nikuletee, Mheshimiwa, kabla hujaimaliza tai ya watu."

Alipousogeza chini ya kalamu, mkono ulisaini mara moja, kwa mwandiko mzuri, ukatulia. Waziri akapuliza wino ukauke. Kufikia alasiri mawaziri watatu wa nchi jirani za upande wa magharibi walikuwa wameshikwa na mkono huohuo, na Ijumaa ukavuka bahari kama mafua. Kuna waziri ulimkuta kwa kinyozi, akasaini kipara cha mteja wa pembeni.

Karani alifurahi kuliko alivyoonyesha. Mama yake mzazi alikaa kando ya mto, chini ya kiwanda cha nguo, na tangu kifunguliwe hakuwahi kufua shuka likatoka jeupe. Jumamosi akaenda kumpa habari. Mto ulikuwa wa buluu mpaka kwenye mawe.

"Mmesaini?" mama aliuliza, akikamua shuka.

"Tumesaini, mama. Dunia nzima imesaini."

"Haya, hongereni." Akalianika kambani, buluu tupu.

Jumatatu karani alimpelekea Waziri chupa ya maji yale. Waziri akausogeza mkono wake karibu na chupa, akasubiri. Haukutikisika hata kidole.

"Huu ni wa kusaini tu," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Wa kufunga bomba la kiwanda haujaanza kwa jirani."

Karani akampigia simu karani mwenzake wa ng'ambo ya mpaka.

"Jirani, mto wenu vipi?"

"Mwekundu, dada. Tunawaangalia nyinyi. Mkianza tu, na sisi tumo."

"Basi kazi ipo. Na sisi tunawaangalia nyinyi."

Kila mmoja akachungulia mlango wa waziri wake, pengine mkono ungeanza. Kisha wakaulizana hali za watoto.