Aonje Mwenye Nyumba

Rispah alifika Kitale na maneno yake tayari mdomoni, maana alikuwa ameyarudia njia nzima kutoka Chwele. Akayatoa hata kabla ya kuketi.

"Tonny, mtoto nimemleta. Leo nalala hapa. Nikikuta umekunywa, hata tone la kulowesha ulimi, kesho narudi naye, na usiniulize habari yake tena."

"Sawa, mama," mwanawe akasema. "Lakini kwanza si ukae?"

Mtoto mwenyewe, Nakhungu, alikuwa ameshaingia chumbani na kutoka, ameona sare mpya ya shule inaning'inia nyuma ya mlango, akaishika sketi, akainusa, akarudi mbio kumwambia nyanyake. "Kukhu! Iko na mifuko miwili!"

"Na hapa wewe sasa ndiye mwenye nyumba," Tonny akamwambia. "Mgeni akija, ni wewe wa kumkaribisha. Umesikia?"

Nakhungu akasimama wima kama mtu aliyepewa ucheifu.

Ukweli ni kwamba Rispah hakutaka kurudi naye. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mtoto akimletea daftari alilishika juu chini, akawa anasifu tu, "Vizuri, vizuri," bila kujua anasifu nini. Magoti nayo yalikuwa na maneno yao. Alimchukua huyu mtoto akiwa wa kutambaa, siku mama yake alipofunga nguo zake akaenda, amechoka na mume wa kuokotwa kwenye mtaro. Sasa mtoto amekuwa wa vitabu, na vitabu vinataka mtu anayeona. Kwa hivyo Rispah alikuja na maneno makali, lakini moyoni alikuwa anaomba Mungu yasitumike.

Na Tonny kweli alikuwa ameacha. Aliacha Agosti ile ya tohara, alipoanguka amelewa kwenye moto wa kupikia mbele ya ukoo wote akisherehekea kijana wa binamu yake. Kovu liko mkononi mpaka leo. Toka hapo hakuna mtu aliyemwona na glasi mdomoni.

Tatizo ni kazi yake. Zamani alikuwa anauza kwenye baa ya hoteli moja hapo mjini. Siku hizi anaitwa manyumbani, anafundisha watu kuchanganya tekila, ile pombe kali ya ng'ambo, wenyewe, wakiwa na sherehe zao. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na meza, na juu yake chupa zimepangwa mstari, karatasi zao zote zikiangalia mbele kama watoto wa gwaride. Rispah alipoziona aliinuka.

"Mama, keti. Hizo ni majembe yangu. Umeona wapi mtu anakula jembe?"

"Nimeona mtu anauza jembe anywe."

Tonny akacheka, akampa chai. Chai ilikuwa nzuri, na maziwa si ya kupima. Rispah akainusa kwanza, kisha pumzi ya mwanawe alipoinama, na hakusikia kitu ila sabuni.

Mchana wakaja watu wawili. Wa kwanza alikuwa Kemboi, jirani, mtu mpole wa kutoka upande wa Kachibora, aliyetaka kujifunza ili mgeni akifika kwake asiaibike. Wa pili alikuwa Wepukhulu, ndugu mdogo wa Rispah, aliyetoka Malakisi kuja kumwona mtoto akikaribishwa kwa baba yake. Yeye ni khocha wa Tonny, mjomba wa upande wa mama, na kwetu khocha hapuuzwi. Akiudhika na kuondoka, nyumba nzima inabaki na baridi. Huyo alikuwa anamwita Nakhungu "mama", kwa sababu mtoto alirithi jina la mama yao, aliyekuwa anapika busaa, pombe ya kienyeji, enzi zile, kabla Rispah hajaokoka.

"Mama yangu hujambo?" akamwambia mtoto. "Ulinipiga sana ukiwa mzima, sasa lazima uniheshimu."

"Karibu ukae, kuka," Nakhungu akajibu, akimwita babu kwa lugha yao, mikono mbele, na wote wakacheka.

Tonny akaanza kumfundisha Kemboi. Rispah, apende asipende, alitazama. Mwanawe alikata ndimu, akapitisha kipande kwenye mdomo wa glasi, akaiinamisha juu ya kisahani cha chumvi, lakini nusu tu.

"Mbona nusu?" Kemboi akauliza.

"Ndio mgeni achague. Anayependa chumvi anywe upande huu, asiyependa anywe ule. Usimwamulie mtu mdomo wake, bana."

Halafu akashika kipimo chake kidogo cha bati. Tekila vipimo viwili. Ile pombe tamu ya machungwa, kimoja. Maji ya ndimu, kimoja. Akavitia vyote kwenye kikopo na barafu, akafunika, akatikisa mpaka bati likaota jasho. "Mkono ukianza kuuma na baridi, imeiva." Mwenyewe hakuonja. Alinusa tu, uso mbali kidogo, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyewahi kumuuma.

"Lakini kuchanganya si kitu," akaendelea. "Kitu ni adabu. Hata kama baa iko sebuleni kwako, ni baa. Mtu anayekuhudumia humpigii vidole kama unaita kuku. Huingizi mkono wako kwenye barafu ya watu. Na mtu akisema hapana, hapana imetosha. Humuulizi kwa nini. Labda ana dawa, labda ana Mungu, labda ana sababu yake."

Hapo Rispah alimpenda mwanawe. Alimtazama kupitia ukungu wa macho yake akaona kama kivuli cha yule kijana aliyekuwa akimtegemea kuchota maji. Akajisemea, mtoto atabaki.

Tonny akamimina. Glasi ya kwanza akampelekea Khocha, kwa mikono miwili. Khocha akaitazama, akaizungusha, akainusa. Akaiweka chini.

"Na wewe?"

"Mimi situmii, khocha."

"Nimekuuliza kama unatumia? Nasema onja."

"Kipimo ni sawa kabisa, khocha. Haihitaji."

"Ati haihitaji!" Khocha akamgeukia Kemboi, kama anaomba shahidi. "Nyumbani kwa mama yangu hakuna mgeni alipewa mrija wa busaa kabla mwenye chungu hajavuta yeye. Hiyo ni ya nini? Ni ya kusema, kama kuna kitu humu ndani, kianze na mimi. Sasa huyu ananipa maji ya watu wa mbali, yananuka kama spiriti ya sindano, halafu anasimama kando na maji yake ya mfereji. Tonny, nilikukosea nini?"

"Mzee, wacha mimi nikuonjee," Kemboi akasema.

"Wewe ni mgeni kama mimi. Mgeni haonjei mgeni."

"Khocha, tafadhali. Sionji."

"Kwa nini?"

Ndilo swali lile lile alilosema Tonny haliulizwi, na lilikuwa limeulizwa. Tonny akamwangalia mama yake.

Rispah aliliona hilo jicho. Wepukhulu haogopi mtu, lakini anamwogopa dada yake aliyembeba mgongoni. Ilikuwa ni kusema tu, "Mwache, Wepukhulu, huyo ameapa," na mambo yangeisha, khocha angenung'unika kidogo na kuomba chai. Maneno yalimfika kwenye meno. Kisha akafikiri, kesho mimi sipo. Kesho akija mwingine wa kumsukuma nitakuwa Chwele. Wacha nione anavyojibu peke yake.

Akainama, akawa anachomoa uzi kwenye kitenge chake.

Tonny akawa anakigeuza kipimo cha bati mkononi. Na ndipo Nakhungu akatoka pale mlangoni alipokuwa amesimama.

Kule Chwele huyu mtoto ndiye hupeleka uji kwa wageni. Rispah alimfundisha hivyo alivyofundishwa na mama yake: mbele ya mgeni unakunywa wewe kwanza, si kugusa, kunywa hasa, mgeni aone koo linashuka, kisha unapangusa kikombe na kumpa. Busaa Rispah aliiacha, lakini desturi akaihamishia kwenye uji. Mtoto hakujua imetoka wapi. Alijua tu kwamba baba hawezi, na kwamba asubuhi hiyo hiyo baba alimwambia yeye ndiye nani.

"Baba hawezi," akasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Akaishika glasi kwa mikono miwili, akanywa. Macho yakamtoka machozi, akakohoa, chumvi ikamshika kidevuni. Khocha akapiga paja.

"Huyo! Huyo ni mama yangu mwenyewe! Nakhungu amerudi!"

Na mtoto, kusikia anasifiwa, akaiinua tena.

Kemboi alisimama, Rispah naye akajaribu kusimama na magoti yakakataa, lakini Tonny alifika kwanza. Akaikamata glasi. Mtoto hakuiachilia.

"Baba, sijamaliza kuonja."

"Achia."

"Hajaona koo likishuka!"

"Mwache amalize," Khocha akasema, bado anacheka, "au umalizie wewe."

Tonny akaitoa glasi kwenye vidole vya mwanawe. Akasimama nayo. Kisha akainywa yote, upande wenye chumvi, mpaka barafu ikagonga meno.

"Nimeonja," akasema.

"Haya! Si ndio hivyo?" Khocha alifurahi kweli, bila ubaya wowote. "Ungeonja toka mwanzo."

Rispah alimvuta mtoto, akamnywesha maji, akamlisha kipande cha mkate, akamlaza chumbani chini ya ile sare. Aliporudi sebuleni, Khocha alikuwa anachanganyiwa nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa imeisha. Na nyingine nayo ikaonjwa.

Kemboi aliaga mapema. Alimshika Rispah mkono kwa muda, kama mtu anayetoa pole ya msiba, akaenda na hakuwa amejifunza kitu.

Ya tatu Tonny hakutumia kipimo. Alimimina kwa jicho. Hakuwa mkali wala mchafu. Tuseme ukweli, alikuwa mzuri, alimchekesha mjomba wake mpaka mzee akashika mbavu, na Rispah alikuwa amesahau kwamba mwanawe anajua kucheka hivyo. Khocha akalala kwenye kiti. Jua likiwa bado kwenye dirisha, Tonny akageuka kwenye mlango wa chumbani akapiga vidole, ta, ta.

"Nakhungu! Barafu!"

Mtoto akatoka, nywele upande mmoja, miguu mitupu, akaenda kwenye friji. Rispah alimtazama anavyokwenda.

Asubuhi alifunga mzigo. Khocha alikuwa ameshaondoka, ameacha salamu kwamba amekaribishwa vizuri sana. Tonny aliamka kwenye zulia akamkuta mama yake anamfunga mtoto viatu.

"Kukhu, sare nibebe?"

"Iache hapo. Huko shule yetu ni rangi ingine."

"Mama," Tonny akasema. Sauti ilikuwa imekwaruza. "Nilikunywa kumtoa mtoto glasi mdomoni."

"Ya kwanza."

"Ya kwanza, ndio. Wewe ungefanya nini?"

"Ungemwaga."

Tonny akamtazama kama mtu ambaye usiku kucha hakuwa amefikiria kitu rahisi namna hiyo. Alijipangusa uso kwa ule mkono wenye kovu.

"Ningemwaga," akasema. "Sawa. Na wewe ungesema. Nilikuangalia, mama. Khocha anakuogopa wewe peke yako. Neno moja tu. Ulikuwa unashona nini pale, eh? Ulikuja kutafuta kosa, si umelipata?"

Rispah alimaliza kufunga kiatu. Kilikuwa kimefungwa tayari, akakifungua akakifunga tena.

"Nilisema nitarudi naye," akajibu.

"Ulisema."

Hakuwasindikiza. Mlangoni Rispah aligeuka akaona umbo lake tu, limesimama kando ya ile meza. Alikuwa anafanya nini, kama anaziondoa chupa au anazipanga tena, macho yake hayakumwonyesha.

Barabarani wakapita nyumba za mwisho. Kisha Nakhungu akauliza, "Kukhu, ni mimi nilifanya baba anywe?"

"Hapana."

"Ni nani basi?"

"Tembea, mtoto. Tutachelewa gari."

Wiki hiyo hiyo jirani yao wa Chwele, Sellah, alipita kumsalimia Rispah, maana alikuwa amesikia mtoto amerudi na alitaka kujua sababu. Rispah akaita uji. Nakhungu akauleta, kikombe kwa mikono miwili kama kawaida, akafika mbele ya mgeni, akakinyoosha. Hakuonja. Akarudi nyuma akasimama, mikono mgongoni.

Sellah akabaki na kikombe hewani. Alimtazama mtoto, akamtazama mwenye boma, akatoa tabasamu la kutojua.

"Nakhungu?" Rispah akasema.

Mtoto akaangalia chini.

Rispah akanyoosha mkono, akakipapasa kikombe mpaka akakipata, akanywa, koo likashuka Sellah akiona. Uji ulikuwa umeungua.

"Ni mzuri," akasema. Akapangusa kikombe kwa kitenge, akampa mgeni.