Mbelewele za Malkia

Ndugu wananchi, natangaza rasmi ugunduzi utakaoutikisa ufugaji wa Terrat na dunia nzima: ng'ombe akiimbiwa wimbo wa shule, huongeza maziwa. Ushahidi ni Malkia, ng'ombe wa shangazi yangu Nusura. Shahidi ni mimi peke yangu, ambaye bwenini nikitabasamu tu mwalimu wa zamu hunipekua mifuko.

Nilipofika likizo, Malkia alikuwa akitafuna mabua makavu ya mwaka jana, na maziwa yake hayakujaza jagi.

"Yasipoongezeka, anakwenda mnadani," alisema shangazi.

Malkia akanitazama kwa macho yale makubwa.

Ndipo nikaanza kuingia shambani asubuhi, ukungu wa Meru ukiwa unayeyuka. Mahindi yalikuwa yamezama hadi shingoni, vichwa vikielea kama vinaota. Nilipoyagusa, vumbi la manjano lilinidondokea taratibu, nikahisi hata mimi naelea. Nikakata mbelewele, yale maua ya kileleni, nikampelekea Malkia. Alizila amefumba macho. Nikaimba. Siku si nyingi jagi likafurika, na jirani yetu, mzee Lerionka, akaniomba nikamwimbie mbuzi wake.

Jana shangazi aliniita ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanamuziki. Kilele cha hindi tunamkatia ng'ombe lini?"

"Likisharefuka?"

"Ndevu zikishakauka! Hizi bado mbichi, zinasubiri vumbi la juu. Sasa litatoka wapi? Upande huu wote wa juu tutavuna magunzi."

"Ni tumbili," nikasema kwa majonzi ya kitaifa.

"Tumbili mwenye mundu?" Akapitisha kidole kwenye nywele zangu. Kikatoka cha manjano.

"Ni mimi, shangazi. Niliogopa mnada."

Akanipa mfuko wa karatasi. "Malkia haendi popote. Ila ugali wetu uko mikononi mwako. Kung'uta vumbi la mistari ya chini iliyopona, uje unyunyizie ndevu za huku, hindi kwa hindi."

Nilikuwa katikati ya shamba, manjano hadi kope, nikisikiliza majani yakinong'ona, mzee Lerionka alipotokea akimvuta mbuzi kwa kamba.

"Kijana, tumekuja kwa wimbo."

Nikaweka mfuko chini. "Shikamoo, mzee. Kuhusu ule wimbo..."